Wamenikataza Kukuitikia

Mpwa wangu Skola,

Marahaba, mwanangu. Natanguliza kuipokea kwa sababu najua ungekuwa umeshaniamkia kabla sijaketi, na sipendi shikamoo yako ining'inie hewani bila mwenyewe.

Barua hii naiacha wazi. Asome mama yako, asome jirani, asome hata yule mwenye duka wa njia panda ambaye kila nikipita anauliza, "Mzee, leo umesikia nini?" halafu anacheka hadi mizani yake inatikisika. Shule niliishia darasa la tano, hilo unalijua. Lakini unajua pia kwamba mwandiko wangu mwalimu aliuacha ubaoni muhula mzima, darasa likawa linaandikiwa ukutani, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuufuta. Kwa hiyo hutapata shida ya kusoma.

Nakuandikia kwa sababu wamenikataza kukuitikia.

Walikaa kikao, ukoo mzima, uani kwa mama yako. Wengine walitoka Mahenge na mabegi yao. Wakubwa wakasema kwetu aliyezikwa akiita haitikiwi, maana anayeitika anafuata. Mama yako alikuwa kwenye mkeka, khanga kaifunga kifuani, haniangalii. Akasema tu, "Festo, mdogo wangu, nimeshazika mmoja. Usinizikishe na wewe." Mimi, mtu ambaye sijawahi kukosa jibu tangu niote meno, siku hiyo nilikosa.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana wengine watakaosoma hapa hawakukujua.

Ulikuwa unaniletea chakula shambani, ng'ambo ya mto Lumemo. Ulianza ukiwa na sare ya shule ya msingi, na hata ulipokuwa chuo kikuu, likizo ikiangukia msimu wa kuamia ndege wasile mpunga, bakuli la mjomba ulilibeba wewe. Mpunga ukiwa umebeba masuke mtu haonekani. Kwa hiyo ulikuwa unasimama pale mwanzo wa tuta kubwa, unaita, "Mjombaaa!" na ile a ya mwisho unaipandisha juu kama mtu anayetundika nguo kwenye kamba. Na mimi kule juu ya dungu langu, kile kichanja cha kuamia, makopo yamening'inia kila upande na teo la kurushia mawe mkononi, naitika, "Eeeh! Nipo!" Ndipo unakuja kwa kufuata sauti. Perege, ugali, na chumvi umeisahau. Kila siku chumvi umeisahau.

Nikila, nakupa hadithi. Nilikuhadithia nilivyomsikia kiboko akipiga miayo chini ya maji pale kivukoni, nikazuia mtumbwi usiondoke, watu wakapona. Nilikuhadithia kwamba enzi nauza mchele kwenye kambi ya jeshi Chita, mkubwa wao alinipandisha juu ya paa la jiko niisikilizie treni, kwa kuwa mimi nilikuwa naisikia huko Mlimba kabla hata dereva hajapanda.

Ukaacha kutafuna. Ulikuwa bado mdogo, meno ya mbele huna. "Mjomba, kama dereva hajapanda, ulikuwa unasikia nini?"

"Naisikia inavyojiandaa."

"Treni haijiandai."

"Ya kwako haijiandai. Ya kwangu ilikuwa inakohoa kwanza."

Ulicheka, lakini niliona macho yako. Ulikuwa unanipima. Watu wengine wakisikia hadithi zangu husema Festo muongo, wanakwenda zao. Wewe ulikuwa unataka kujua ndani ya kichwa cha mjomba kuna nini hasa wakati anaposema amesikia. Nasema mbele ya kila mtu, na nani anibishie, kwamba masomo yako yote yale ya ubongo yalianzia kwenye treni yangu.

Ndipo mwaka mmoja, ukiwa chuo kikuu, ukarudi na lile sanduku la vipimo la chuo.

Humo ndani mlikuwa na kofia ya wavu, imejaa vitu kama vifungo vya shati, kila kifungo na waya wake, na nyaya zote zinakwenda kwenye kompyuta. Ukasema ubongo una umeme. Ukasema mtu akisikia kitu, umeme ule unapanda na kushuka, na kofia inauona. Ulitaka watu wa bonde, wakulima na wafanyabiashara, wakae, wasikilize, waamue wamesikia au hawajasikia.

Kabla jua halijazama, Ifakara nzima ilishajua kwamba Skola ni mumiani. Kwamba amenunuliwa, anavuna akili za watu azipeleke mjini. Mama yako alitukanwa sokoni. Mimi nikaenda pale kwenye kahawa, nikasimama juu ya benchi. Nikawaambia, "Kama zinanyonywa akili, aanze na mimi. Zitakazobaki bado nitawazidi ninyi nyote!" Wakapiga makofi. Wakanifuata hadi mlango wa kile chumba ulichoazimwa, wakabaki nje kungoja nitoke nikiwa zezeta.

Ulikuwa umeziba madirisha kwa magodoro. Ukanikalisha, ukanivisha kofia, ukaingiza mafuta mazito yale ya baridi chini ya kila kifungo. Ukasema kipara changu ndicho kichwa kizuri kuliko vyote ulivyopata kuvishika, umeme unapita bila kizuizi. Hilo nimewaambia watu wengi. Baadaye akina mama walipogoma kufumua rasta zao, ulinitaja mimi kama mfano.

Kwenye masikio ukanivalisha spika zile kubwa. Nikasikia kelele kama mvua juu ya bati, na ndani ya mvua, mara moja moja, kamlio kadogo, tii, kama kifaranga aliyeko chumba cha pili. Nikisikia, nibonyeze kulia. Nisiposikia, kushoto. Kazi rahisi, nikajua leo nitavunja mashine.

Mara nikasikia. "Huyoooo!"

"Mjomba!" Ulikimbia ukanishika bega. "Usipige kelele! Ukikaza taya mawimbi yote yanavurugika!"

"Sasa ndege nitamfukuzaje?"

"Hakuna ndege. Bonyeza tu. Na usipepese macho sana."

"Macho pia? Basi hii kofia ungemvika samaki."

Ulicheka hadi ukaketi chini sakafuni, kwenye zile nyaya. Nje walisikia kicheko, wakasema tayari, Festo kesha kwisha.

Nilitoka mzima. Kesho yake wakajipanga. Wakaja waamia ndege wenzangu wote, wanaume kwa wanawake, ukaenda hadi Sanje ukawapima na wa kule. Wote sisi, mkono wetu ulikuwa kulia. Mlio upo, kulia. Haupo, kulia. Wenye maduka wao, wale wenye asili ya pwani, walikuwa wanangoja, wanasikiliza mara mbili, kama wanavyoigeuza noti juani kabla ya kuitia kwenye droo. Wewe mwanzoni ulifikiri wakulima hatukuelewa maelekezo. Ulirudia kueleza mpaka sauti ikakukauka. Halafu jioni moja nyumbani kwenu, unakunywa uji, ukaweka kikombe chini ghafla.

"Mjomba, mimi nimeleta mtihani wa watu wa dukani kwa watu wa dunguni!"

Ukanifungulia kompyuta, ukanionyesha mistari. Wa kwanza mdogo, huo ni wa sikio, unaruka na kutulia. Wa pili ndio mkubwa, unapanda polepole kama maji yanavyojaa kwenye debe. Ukasema ubongo unakusanya, tone na tone: ni mlio, si mlio, ni mlio. Maji yakifika kwenye alama, mkono unabonyeza. Ila alama haiko mahali pamoja kwa kila mtu. Aliyekulia dunguni alama yake iko chini, maana akipiga kelele bure hapotezi kitu, lakini akinyamaza ndege wakiwa wameshatua, mpunga umekwenda. Hivyo debe lake halingojwi lijae.

"Kwa hiyo mimi debe langu limekatwa nusu," nikakuambia.

"Robo, mjomba. Robo."

Unajua nilikuwa nafikiria nini? Watu wameniita muongo tangu ujana. Sijawahi kujali, muongo anayepewa nafasi ya mbele kwenye kila msiba na kila harusi ana hasara gani? Lakini wewe ulikuwa na kichwa changu pale kwenye kioo. Nikakuuliza taratibu, mama yako asisikie. "Zile mara ambazo hakukuwa na mlio nami nikabonyeza. Mashine inasema nilikuwa nakudanganya?"

Ulinitazama kama ulivyonitazama ile siku ya treni. Ukasogeza kidole kwenye mstari mmoja. "Hizi ndizo mara hizo. Angalia. Umepanda kama wa mtu aliyesikia. Ungekuwa unabonyeza tu kunifurahisha, mstari usingepanda hivi." Ukakiondoa kidole. "Siwezi kukuambia ulisikia nini. Lakini hukudanganya, mjomba. Kichwa chako kiliamua kwamba kimesikia."

Sijawahi kupewa cheti chochote maishani. Kile kilikuwa changu.

Ukarudi chuoni. Ulipiga simu, ukasema unaandika, bado kidogo tu utamaliza. Kisha ukasema una homa ya kupita. Kisha simu ikapokewa na mwenzako wa chumba. Mama yako aliondoka na basi la asubuhi na bado hakukuwahi. Mimi nilikuwa shambani. Mimi mwenye masikio, nilikuwa juu ya dungu langu, ndege wengi, makopo yanalia, na siku nzima ile sikusikia kitu chochote, Skola. Hata kidogo. Nimeitafuta siku hiyo kichwani mwangu kila upande nione kama kulikuwa na kasauti nilikokapuuza. Hakuna. Ulirudi Ifakara ndani ya gari, umelala, na kanisa lilijaa hadi nje, hata wenye maduka walifunga wakaja, wakakaa mabenchi ya nyuma na kofia zao.

Padri aliponipa nafasi niseme neno la familia, watu walitega masikio. Walidhani nitatoa hadithi. Nikasema, "Alikuwa anasahau chumvi," nikakaa.

Msimu huu wa mpunga ndio wa kwanza bila wewe. Mama yako ndiye anayeleta chakula. Yeye haiti. Anatokea tu kwenye tuta, anaweka bakuli, anakaa mbali kidogo.

Siku moja alikuwa bado hajafika. Jua limesimama utosini, kwelea kwelea wamevuma kama upepo wa mvua, nami natikisa kamba za makopo. Ndani ya kelele ile nikasikia, "Mjombaaa!" Ile ya kupanda mwishoni. Kutoka mwanzo wa tuta kubwa. Sikufikiri, mwanangu. Mdomo ulikwenda wenyewe. "Eeeh! Nipo!" Nikageuka na uso umeshacheka.

Mpunga tu.

Ikatokea tena baada ya siku kadhaa, na tena. Kila mara naitika. Kijana wa shamba la jirani akanisikia, akamwambia mkewe, mkewe akamwambia mama yako. Ndipo kikao kikakaliwa.

Nikawaeleza wazee kuhusu debe. Nilieleza vizuri, nilichora hata kwenye udongo. Nikasema kelele za ndege ni ile mvua ya kwenye bati, na kichwa changu kinajua saa ile Skola huita, hivyo matone mawili tu yanatosha kufika kwenye alama. Mzee mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo wewe mwenyewe unakubali kwamba hayupo?" Nikasema, "Nakubali." "Basi unamwitikia nani?" Hapo ndipo mama yako aliposema lile neno lake.

Nikaacha kuitika. Unaita, nang'ata teo. Nimekuwa nikiling'ata hadi kamba yake imelegea. Huu ndio uzito ninaokuandikia, maana sijui kama umechukia. Katika maisha yako yote hukuwahi kuniita mara mbili.

Sasa sikia kilichotokea wiki hii.

Mama yako alileta chakula, akakaa. Safari hii alikaa karibu, chini ya dungu, kwenye kivuli. Akachuma bua la mpunga akawa analichana chana. Kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kiberiti kwa jirani aliyegombana naye, akasema, "Akikuita, anasemaje?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto, Festo."

Nikashuka dunguni. Nikakaa. "Anasema mjomba."

"Halafu?"

"Basi."

"Hasemi lingine? Hanitaji?" Akanitazama, macho yamevimba. "Hata neno moja? Wewe uliyempa kiboko miayo, mwanangu umeshindwa kumpa neno moja la mama yake?"

Skola, maneno yalikuwepo. Yalikuwa yameshajipanga kwenye ulimi, matamu, yana sauti yako kabisa. Anasema usilie. Anasema hakuumia. Anasema mama ale, amekonda. Ningeyasema vizuri kuliko mtu yeyote bonde hili, na dada yangu angelala usingizi. Hakuna hadithi niliyowahi kuitamani kama ile. Lakini mstari wangu kwako haukuwahi kupanda kwa maneno hayo. Ulipanda kwa neno mjomba tu. Na hilo peke yake ndilo nililo nalo lenye ushahidi.

"Hasemi lingine, dada," nikamwambia. "Ananiita, halafu kimya."

Nilingoja anitukane. Akalia, kile kilio cha bila sauti, kisha akafuta pua kwa khanga. "Mimi simsikii," akasema. "Nakaa jikoni usiku kucha, nimezima redio, nimefukuza kuku. Mimi mama yake. Simsikii hata kidogo. Wewe una nini wewe?"

Ndicho kilichokuwa ndani yake wakati wote, mwanangu, chini ya ule mkeka wa kikao. Sikukijua.

Nikamwambia jikoni kulivyo kimya hakufai. Kwenye kimya kichwa hakina cha kukusanya. Aje hapa, kwenye ndege, mchana, saa ya chakula. Sikujua kama namwambia kweli ya kisomo au nabuni, lakini sikuwa na kingine.

Akaja siku iliyofuata na nyingine. Akakaa nami juu ya dungu, mwanamke wa umri ule, nikamvuta mkono kupanda, ananilaani kila kipingo cha ngazi. Nikampa kamba za upande wa mtoni atikise. Tulikula. Chumvi ameileta, nyingi mno, perege hawaliki. Ndege wakaja, tukawatoa, wakaja.

Jana, saa hiyo hiyo ya chakula, ameshika kipande cha ugali, akasimama. Dungu zima likayumba. Ugali ukaanguka.

"Huyo! Festo! Umesikia?"

Nilikuwa nimetega kuliko nilivyowahi kutega maishani. Nilisikia ndege. Nilisikia makopo, na pikipiki mbali barabarani, na moyo wangu. Wewe sikukusikia. Yeye alikuwa amenishika mkono, kucha zimeingia, macho ameyakaza kwenye tuta, na uso wake, Skola, ulikuwa uso wa siku uliyofaulu kwenda sekondari. Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo. Nani angejua?

"Sijasikia, dada. Nimesikia ndege tu."

Akanigeukia. Nikafikiri nimemvunja. Alinitazama kwa muda, akatazama tuta, akanitazama tena, na kidogo kidogo vidole vyake vikaniachia.

"Wewe husikii?" akasema. "Masikio hayo yote?"

"Sikusikia."

"Basi leo ameniita mimi."

Akaweka mikono miwili mdomoni, yeye aliyenikataza, mbele ya mashamba yote ya ng'ambo ya Lumemo, akaitika. "Eeeh, mama! Nipo! Nipo hukuuu!" Kwelea kwelea waliruka wote kwa pamoja hadi mtoni. Mimi nilikaa kimya na kamba zangu. Zamu haikuwa yangu.

Leo amewahi kuja kuliko mimi. Namwona kule mbele wakati naandika, ameshapanda dunguni peke yake. Lala vizuri, mwanangu, na ukitaka kuita, ita yeyote umpendaye kati yetu.

Ni mimi, mjomba wako wa dunguni.